Redio ya Kuzungusha ya Mutiso na Mbithe

Kama ungepiga simu kwenye kampuni fulani ya bima katikati ya Nairobi miaka ya themanini au tisini, sauti ya kwanza kukupokea ingekuwa ya jirani yangu Mutiso. Alikaa kwenye chumba kidogo cha ghorofa ya chini, swichibodi mbele yake, akiwaunganisha watu na watu. Chumba hakikuwa na dirisha, na hilo halikumsumbua. Surua ilimpofusha akiwa mtoto mdogo huko Machakos, na kwake dirisha lilikuwa mahali pa kuingizia baridi tu.

Mimi ni Nyawira. Nina nyumba za kupangisha hapa Kinoo, na ua wangu umepakana na wa Mutiso na mkewe Mbithe tangu walipojenga. Mengi kati ya haya niliyaona mwenyewe, mengine walinisimulia wao, mara nyingi wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akimsahihisha mwenzake.

Walivyokutana, kwa mfano. Mbithe alikuwa fundi wa nguo katika duka moja pale Adams Arcade. Jioni moja alimwona kijana mwenye fimbo nyeupe amesimama kando ya barabara ya Ngong, magari yanapita hayaishi. Akamshika mkono, akamvusha, wakaagana. Basi. Miezi kadhaa baadaye babake Mbithe akafariki, naye Mbithe akapiga simu kwenye kampuni ya bima kuulizia haki za marehemu. Alipotamka tu jina lake, aliyepokea simu akasema, "Wewe ndiye uliyenivusha Adams. Ulikuwa na mafua siku ile. Umepona?"

Mbithe husema alishtuka nusura akate simu. Mutiso husema hakushtuka, alicheka. Vyovyote vile, walioana, wakamzaa mtoto mmoja, Kitonga, ambaye alisoma akawa mwalimu wa hesabu.

Mwaka wa 2003 kampuni ilileta mtambo unaojibu simu wenyewe, ule wa bonyeza moja, bonyeza mbili. Mutiso akaachishwa kazi pamoja na wengine. Walifanyiwa karamu ndogo ya kuagwa, na kila mmoja akapewa saa ya ukutani. Saa ya ukutani, kwa mtu asiyeona! Alinisimulia huku akicheka mpaka akajifuta machozi. Mbithe aliitundika sebuleni hivyo hivyo. Alisema angalau inatoa mlio.

Nyumbani, rafiki yake mkubwa akawa redio. Alisikiliza taarifa, mahubiri, mpira, bei za mahindi, hata matangazo ya vifo vya watu asiowajua. Lakini stima ya kwetu Kinoo ilikuwa na tabia zake. Ikinyesha, imepotea. Upepo ukivuma, imepotea. Na betri zilikuwa zikiisha haraka kwa mtu anayesikiliza kutwa.

Mwaka wa 2007 nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kanisani. Katika mkutano mmoja tulianza kuzungumza juu ya kujiandaa kwa shida. Wengi wetu tulikumbuka mgao wa stima wa mwaka wa 2000, tulivyokaa gizani bila kujua lolote. Tukakubaliana kila nyumba iwe na mitungi ya maji, mafuta ya taa, dawa za kawaida, tochi, na redio isiyotegemea stima. Mmoja akasema kuna redio za kuzungusha kwa mkono zinauzwa mjini. Mwingine akasema hizo ni takataka, nani ataleta ushahidi? Nikawaambia, "Ushahidi upo karibu na kwangu. Nitamwomba Baba Kitonga atupimie."

Tulienda mjini pamoja, mimi na yeye. Barabara ya Luthuli, penye maduka ya redio, siku ile ilikuwa kelele tupu, kila duka limefungulia spika zake hadi mwisho. Muuzaji mmoja alituonyesha redio mbili. Moja ilikuwa nyekundu, nyepesi, inang'aa, ina tochi upande mmoja na king'ora upande mwingine. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito kama tofali, na mpini wa chuma.

"Mathe, chukua hii nyekundu," muuzaji akaniambia. "Iko na tochi, iko na king'ora, inachaji hata simu. Mwambie mzee."

"Mzee anakusikia," nikamjibu.

Mutiso akanyoosha mikono, akapewa ile nyekundu. Aliitikisa karibu na sikio kusikia kama kuna kitu kimelegea ndani. Akapapasa vitufe vyote, akafungua kifuniko cha betri, akakifunga, akavuta antena mpaka mwisho na kuirudisha. Kisha akauliza, kwa upole, kama spika za dukani zinaweza kuzimwa kidogo. Muuzaji akazima kwa shingo upande. Mutiso akaanza kuzungusha mpini polepole, kichwa amekiinamisha.

"Mzee," muuzaji akasema, "hii redio unanunua ama unaoa?"

"Naoa," Mutiso akajibu. "Ndiyo nataka kusikia kama anakohoa."

Hata muuzaji alicheka. Baada ya hapo alikuwa mtu mwema kabisa. Alikubali twende na zote mbili, nami nikamwachia amana, turudishe moja ikiwa haina mkwaruzo.

Juma lile nyumba ya Mutiso ilikuwa na vituko. Kila nilipopita nilisikia kitu kinakoroma jikoni, nikajua mpini unazungushwa. Mutiso alikuwa na namna yake ya kupima. Alizungusha redio muda wote Mbithe anamenya viazi, kisha akaiweka mezani iimbe. Ile nyekundu ilinyamaza viazi vikianza tu kuchemka. Ile nyeusi iliimba mpaka wakala, wakamaliza, na vyombo vikaoshwa.

Alijaribu kuchaji simu kwa ile nyekundu. Alizungusha akatoka jasho, akampigia Kitonga huko shuleni Bonde la Ufa, wakasalimiana tu simu ikazima. "Hiyo ya kuchaji simu wasiiamini sana," akaniambia. "Labda mtu akiwa na jambo la maneno mawili." Aligundua pia kuwa nyekundu ilikuwa na kitufe cha mawimbi ya utabiri wa hali ya hewa, na kila alipokibonyeza, ilitoa mvumo kama wa sufuria inayochemka. Mwanangu Wanjira alimsomea kijitabu kilichokuja na redio. Kumbe mawimbi hayo yalikuwa ya nchi ya mbali ilikobuniwa. Kwetu hakukuwa na mtu wa kuyarusha.

Siku nyingine nilisikia kishindo na Mbithe anapiga mayowe. Nilikimbia nikidhani mtu ameanguka. Nikamkuta Mutiso amesimama kando ya meza, ametulia, na ile nyeusi iko sakafuni inaimba.

"Ameisukuma makusudi!" Mbithe akasema. "Kitu cha wenyewe, na muuzaji ametuambia isipate mkwaruzo!"

"Wakati wa shida vitu huanguka," Mutiso akasema. Mkwaruzo kwa bahati ulikuwa mdogo, chini kabisa.

Kufikia Ijumaa alikuwa ameshaamua. Nyeusi ilikuwa imara zaidi, inadumu zaidi, na kitafuta stesheni chake kilikuwa gurudumu ambalo mtu angeweza kulisoma kwa kidole hata gizani. Nami nilikuwa tayari kwenda kuwaambia akina mama. Ndipo Mbithe, aliyekuwa akikunja nguo, akaiweka nguo chini.

"Hebu niijaribu mimi," akasema.

Akakaa, akaipakata ile nyeusi, akashika mpini. Alizungusha kidogo, akasimama. Akajaribu tena. Nikaona amefumba macho. Kifundo cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimeshaharibika kwa miaka mingi ya kukata nguo kwa makasi mazito. Nilikuwa nalijua hilo, na Mutiso alikuwa analijua kuliko mimi, lakini hakuna aliyekuwa amelifikiria.

"Baba Kitonga," akasema, "umepima kwa mkono wako. Mimi nikibaki peke yangu, nani atanizungushia?"

Mutiso alimfikia, akatafuta kile kifundo, akakishika kwa mikono yote miwili kama mtu anayeshika yai. "Kweli," akasema. "Nimepima kila kitu isipokuwa hilo."

Siku iliyofuata alinituma niwaite watu wenye mikono ya kila aina. Alikuja mama mkwe wangu, akaja mpangaji wangu mmoja aliyekuwa mjamzito, akaja pia jirani aliyewahi kuvunjika mkono. Wote waliiweza nyekundu. Nyeusi iliwashinda wawili, na wa tatu akasema akimaliza kuizungusha hatakuwa na hamu ya kusikia habari yoyote. Kwa hivyo Jumapili Mutiso alisimama mbele ya akina mama na kuwaambia ukweli wote. Nyekundu ni dhaifu, akasema, itawachosha kwa sababu inaisha haraka. Lakini ni ya kila mkono. Wasitegemee simu, wasijali kile kitufe cha hali ya hewa, na waizungushe mara kwa mara hata siku za raha, isije ikakwama. Tulinunua nyekundu. Yeye pia. Nyeusi tuliirudisha Luthuli, na muuzaji aliuona ule mkwaruzo, akatazama pembeni, akanirudishia amana yangu yote. Sijui jina lake, ila nimemwombea mara nyingi.

Uchaguzi wa Desemba ulipofika, Kitonga hakuja nyumbani kwa Krismasi. Alikuwa amepata kazi ya ukarani katika kituo cha kura karibu na shule yake, akaahidi kufika Mwaka Mpya. Vurugu zikaanza. Kila mtu wa umri wangu anazikumbuka, na sitaki kuzisimulia hapa. Nitasema tu kwamba barabara kuu ya Waiyaki inayopita karibu nasi, ambayo haijawahi kunyamaza tangu niijue, ilinyamaza. Maduka yalifungwa. Kadi za simu zikakosekana, betri zikakosekana. Halafu transfoma ya mtaa wetu ikalipuka, na mafundi wasingeweza kufika. Simu ya Kitonga ilikuwa haipatikani.

Nyumba ya Mutiso ikawa nyumba ya redio. Wengine walikuwa na redio zao nyekundu, lakini ni nani alitaka kukaa peke yake siku zile? Watu walikuja asubuhi, wakaketi sebuleni na barazani, Wakikuyu, Wakamba, wapangaji wangu wa kutoka magharibi, na mpini ukapita mkono kwa mkono. Mutiso alishika kitafuta stesheni. Stesheni moja ilikuwa imeanza kusoma ujumbe wa watu wanaotafutana: fulani anamtafuta mamake, fulani yuko katika kituo cha polisi pamoja na watoto, fulani awasiliane na shangazi yake. Walisoma majina mengi mfululizo, mchana hadi jioni. Mutiso hakuwa akila vizuri. Mbithe alikuwa anapika sana, chakula kingi kuliko watu, kama vile mikono yake imekataa kupumzika.

Alasiri moja watu walikuwa wachache. Mbithe ndiye aliyekuwa akizungusha, mimi nachagua maharagwe. Alizungusha akapumzika, redio ikaendelea kusoma majina. Mara Mutiso akainua mkono. Mtangazaji alikuwa ametaja walimu wa Bonde la Ufa, nami sikuwa makini.

"Kutoka kwa mwalimu Kitonga Mutiso," mtangazaji akasema. "Anawaarifu wazazi wake walioko Kinoo kwamba..."

Mbithe aliweka mikono kichwani. Na wakati huo huo sauti ikaanza kupungua, ikawa nyembamba kama ya mtu anayetembea kwenda mbali, ikapotea. Niliruka juu ya maharagwe, nikaikamata redio, nikazungusha kama mwenda wazimu. Iliporudi, mtangazaji alikuwa amefika kwa jina la mtu mwingine.

Mbithe alikaa sakafuni. "Amesemaje? Mama Wanjira, amesemaje?" Nilizungusha tu.

Ni Mutiso aliyezungumza. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani ya swichibodi, tulivu, kama mtu anayekuambia subiri kidogo nakuunganisha. "Mama Kitonga, sikiliza. Hakusema Kitonga anatafutwa. Alisema anawaarifu wazazi wake. Anayearifu ni mtu aliye hai."

"Huenda ameumia."

"Huenda. Lakini ana mdomo, na anakumbuka tuko wapi."

Mtangazaji alisema ujumbe wote ungerudiwa baada ya taarifa ya habari. Sijawahi kusikiliza taarifa ndefu kama ile. Hatukuacha mpini utulie. Nikichoka, Mbithe alichukua, na mkono wake wa kulia ukikataa aliugeuza mpini upande wa kushoto, na Mutiso akauchukua kutoka kwake bila kusema neno. Jasho lilinitoka kana kwamba nalima. Taarifa ikaisha, majina yakaanza upya, moja baada ya jingine, na nikajikuta nawaombea wote, kila aliyetajwa.

"Kutoka kwa mwalimu Kitonga Mutiso. Anawaarifu wazazi wake walioko Kinoo kwamba yuko salama, yeye na walimu wenzake, katika ua wa kanisa. Hajaumia. Atasafiri barabara ikifunguliwa. Anamwambia mama asilie."

Mama alilia, bila shaka. Sote tulilia. Wapangaji wangu waliingia mbio wakidhani ni msiba, na walipoambiwa, wakaanza kuimba. Mutiso hakuimba. Alikuwa ameinama, paji la uso limegusa redio, midomo yake inasema kitu ambacho sikukisikia, na sikukusudiwa nikisikie.

Kitonga alifika baada ya siku kadhaa, ndani ya lori la viazi lililokuwa katika msafara uliosindikizwa na polisi. Aliteremka njia panda ya Kinoo akiwa na viatu visivyolingana. Alituambia jinsi mzee wa kanisa la huko, mtu wa kabila jingine, alivyosimama langoni na kukataa kuondoka. Alituambia pia kuhusu mama mmoja mpishi aliyetembea mpaka mjini kutafuta chumvi, na aliyekubali kubeba ujumbe wa walimu wote kichwani mwake, kwa sababu aliogopa kubeba karatasi. Aliyakariri maneno yao njiani. Alipofika penye simu inayofanya kazi, akaipigia stesheni na kuyataja yote, wala hakuacha jina. Hata lile la mama asilie.

Kadi za simu zilipopatikana tena, Mutiso aliipigia stesheni. Mbithe alidhani anataka mtangazaji. Hakumtaka. Msichana wa mapokezi alipojibu na kuanza kumwambia asubiri, Mutiso akasema, "Hapana binti, usiniunganishe na mtu. Wewe ndiye unayepokea simu hapo? Siku zile za majina ulikuwepo?"

Msichana akasema alikuwepo. Walilala ofisini, akasema, kwa sababu hawangeweza kurudi makwao.

"Basi ni wewe ninayekutafuta," Mutiso akasema. "Mtu alikupigia akakutajia jina la mwanangu, ukaliandika sawasawa. Nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote. Watu hawatupigii sisi kutushukuru. Kwa hivyo nakushukuru. Mimi na mama yake."

Baadaye Mutiso aliniambia kuwa alimsikia msichana akijaribu kulia bila sauti, jambo ambalo, kwa sikio kama lake, haliwezekani.

Mwaka uliofuata Kitonga alipata uhamisho, akaja kufundisha Dagoretti. Wazazi wake waliandaa chakula cha mchana cha shukrani, viti vikajaa ua wao na wangu. Kabla ya kula Mutiso alisimama aombe. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya mzee wa lango, na mpishi, na msichana wa simu. Akaendelea kwa dereva wa lori ambaye hatukupata jina lake, na polisi wa msafara. Akashukuru kwa waliozungusha mpini, akitutaja mmoja mmoja kwa sauti zetu: yule mwenye kikohozi, yule anayecheka kabla ya kusema. Akashukuru kwa viazi vilivyokuwa ndani ya lori, kwa kuwa Kitonga alivilalia, navyo havikumuumiza sana. Alipofika kwa fundi aliyekuja kurekebisha transfoma, Mbithe alimvuta shati.

"Baba Kitonga, sema amina. Pilau inapoa."

Akasema amina, tukala.